Kushoto kwa Nani

Kwako Dada,

Shikamoo. Mgongo umekuachia? Shemeji na wanao hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili tu. Mama naye hajambo, ila kila nikimpigia simu anauliza kama umepata kazi, nami naingiza habari za mvua.

Kiti chako pale kwenye karakana ya miwani nilikikalia mimi baada yako. Kile chenye gurudumu bovu, bado kinavuta upande. Meneja alinipa kiti hicho wiki mbili baada ya kukufukuza, akasema angalau kazi imebaki kwenye familia. Nilicheka naye, Dada.

Unakumbuka ulivyonisumbua na zile nukta zako? Katika programu yetu, faili lako la vipimo lilihifadhi neno "kushoto", yaani jicho la kushoto la mteja mwenyewe. Faili langu la mashine ya kusaga lensi nalo lilikuwa na "kushoto" yake, ila hiyo ni ya fundi aliyeikabili mashine. Ukanikanya kwamba neno likiazimwa na faili jingine, liende na jina la faili lilikotoka: vipimo, nukta, kushoto. Ulisema ukiita "mama" sokoni watageuka wote.

Nikakuona una makuu. Pale kazini sikuwa na jina, nilikuwa "mdogo wake" tu, hata kwa mlinzi wa getini. Basi siku moja, kwenye faili la oda, nikaandika mstari mmoja wa kuchota kila kitu kutoka mafaili yote mawili, nikafuta nukta zote. "Kushoto" yako iliingia kwanza, yangu ikafuata na kuifunika, na kompyuta haikusema kitu. Siku tisa tukasaga lensi za kulia tukaziweka kushoto. Yule mteja wetu fundi cherehani akajidunga sindano ya mashine, akaja kaunta na kidole kilichofungwa kitambaa, akilia kwamba tumemharibia macho.

Meneja akafungua kumbukumbu ya mabadiliko. Unajua ile huandika jina la ukoo bila la kwanza. Akalisoma, akakugeukia wewe, maana faili la oda ulilianzisha wewe. Ukasema hukumbuki kufuta chochote. Mimi nilikuwa pembeni yako na kikombe changu cha chai, na nilikuwa najua.

Ni mimi, Dada. Nilijua kabla hujamaliza kufungasha vitu vyako, na nikakubebea boksi mpaka getini. Miaka yote nililichukia jina letu kwa sababu wewe ndiye uliyelijaza. Siku hiyo nililishukuru.

Jana nilimwendea meneja nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akifuta miwani yake, akasema mambo hayo yalishafungwa, wateja walishaambiwa, na kwa vyovyote jina lililoandikwa ni lile lile. Nikamwachia funguo mezani.

Humu ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya ile kumbukumbu ya mabadiliko. Pembeni, kwa maandishi madogo, kuna namba ya kompyuta: saba, ile yangu ya dirishani. Mwonyeshe yeyote unayetaka. Sikuombi msamaha, nakuombea kazi yako.

Nisalimie Shemeji, na watoto uwabusu. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili.

Jina la ukoo siliandiki hapa, lisije likasomeka lako.

Ni mimi, mdogo wako,
wa kompyuta namba saba