Njoo na Ndugu Zako

Alexandria, Virginia
3 Machi 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mgongo unakuacha ulale. Mimi afya ninayo. Baridi imepungua, ila koti bado sijalivua. Mumbi, yule Mkenya ninayeishi naye, anakusalimu. Anasema ukituma tena kahawa ya kutafuna usisahau fungu lake.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye ambaye ukoo humtuma panapokuwa na habari mbaya. Nimejaribu kazi yako, nikaiharibu.

Unajua nipo kaunta ya chumba cha kusomea katika ofisi ya kumbukumbu, Washington, kwa mkataba wa majaribio. Makaratasi ninayoyatunza ni ya wanamgambo wa vita vya Marekani na Uingereza vya mwaka 1812. Watu wale waliitwa vitani na nguo zao, blanketi zao, hata bunduki zao wenyewe. Miaka mingi baadaye, wazee waliobaki na wajane wa waliokufa waliiomba serikali iwarudishie gharama. Kila mmoja aliapa mbele ya hakimu: koti, kofia, viatu, mfuko wa mgongoni. Wengine walilipwa, wengine walikataliwa.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, Bwana Purvis, dereva wa basi mstaafu wa hapahapa Alexandria. Anamtafuta babu wa babu yake, Josiah Purvis. Faili la Josiah nilikuwa nimelisoma asubuhi ileile. Mjane wake, Keziah, aliomba alipwe. Majirani wawili wakaapa kwamba Josiah alitoroka kambini kabla risasi ya kwanza haijalia. Ombi likakataliwa.

Mzee alivua kofia kabla ya kunisemesha. "Sema tu, binti. Nimeisubiri habari hii tangu utoto."

Shangazi, ana umri wa babu Respicius. Ningemwambiaje akiwa amesimama, peke yake, kofia mkononi? Nilitabasamu. Nikasema, "Mambo si mabaya, mzee. Faili tunalo. Lakini njoo siku nyingine, uje na ndugu zako."

Kwetu mtu akiambiwa hivyo, anajua palepale kwamba ni habari mbaya. Yeye alinishika mkono kwa mikono miwili. "Na ndugu zangu! Basi ni habari kubwa!"

Jana alipiga simu. Amewaita watu tisa, wengine wanatoka Ohio, waje Jumamosi ya tarehe 12 Aprili. Na ameagiza jiwe la kaburi lichongwe jina la Josiah, na chini yake neno "mwanajeshi".

Mumbi nilipomweleza alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Domina, wewe! Huku mtu akiambiwa hapana anaenda zake kununua kahawa, maisha inaendelea." Mimi sikuweza kucheka. Nifanye nini?

Mwanao,
Domina


Muleba
11 Machi 2025

Mwanangu Domina,

Marahaba. Mgongo unanisumbua asubuhi. Ikifika mchana unachoka wenyewe. Huku mvua imeanza na migomba imechangamka. Naandika kwa mkono, mwalimu Gregori ananipigia picha na kukutumia, kwa hiyo ukiona kidole gumba pembeni ujue ni chake.

Nimecheka, halafu nikaona haya kwamba nimecheka. Ulifanya nusu ya kazi. Ukimwambia mtu aje na ndugu, lazima wewe umtangulie kwa hao ndugu. Mimi siendi kwa mfiwa. Naenda kwa shemeji yake, kwa jirani, kwa mtu asiyepiga kelele. Huyo anajua kwanza. Kisha wanajua wanawake wa jikoni. Mwenyewe anapofika, nyumba nzima inajua na hakuna haja ya kumwambia. Anaona tu.

Tafuta mtu wa kwao aliye mtulivu, umweleze. Mengine atayafanya yeye. Na ule chakula. Kwenye picha shingo imekuwa ndefu.

Shangazi yako,
Elieth


Alexandria
24 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mvua imewakumbuka. Sisi ni wazima, Mumbi ana mafua kidogo kwa sababu ya zamu za usiku kwa wagonjwa wake.

Nilifuata ushauri wako. Mzee aliwahi kuniachia namba ya binti yake, anaitwa Irene. Nilimpigia nikiwa nimejifungia chooni ofisini. Nikamwambia ningependa tuzungumze kwanza mimi na yeye kuhusu faili la baba yake.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. "Faili ameliomba yeye."

"Nilidhani ungeweza kumwandaa."

"Kumwandaa kwa ajili ya nini? Baba ana akili zake timamu. Kama kuna jambo, mwambie yeye."

Hakuwa mkali. Alishangaa tu, kama vile nimemwomba amlishe baba yake kwa kijiko. Nikaogopa, nikasema ni mambo ya utaratibu, nikakata simu.

Kesho yake mzee alikuja kuomba nakala ya faili, apate kuwasomea ndugu zake. Hapa naona aibu hata kuandika. Nilimwambia faili limepelekwa kutengenezwa, karatasi zimechakaa. Nilikuwa nimeshajaza kadi inayosema hivyo. Faili lilikuwa kwenye droo yangu, goti langu limeigusa.

"Litengenezeni vizuri," alisema. "Yule bibi Keziah alisubiri kuliko mimi."

Mchongaji wa jiwe anaanza kazi tarehe 3 Aprili. Msimamizi akijua nilichofanya nitafukuzwa, na viza yangu inashikiliwa na mkataba huu. Lakini hofu nimezaliwa nayo, unanijua. Kinachonitesa ni jinsi mzee anavyonishukuru kila akiondoka. Wewe ungefanyaje?

Mwanao,
Domina


Muleba
30 Machi 2025

Domina,

Salamu nitakupa siku nyingine. Kaa usome.

Unamkumbuka Asteria, aliyekuwa anauza vitenge Bukoba mjini? Mume wake, Fidelis, alipofariki, nilitumwa mimi. Nikampigia simu: "Fidelis anaumwa kidogo, funga duka uje." Ndivyo tunavyosema, na wewe unajua. Lakini yeye siku ile hakutaka kujua. Alipita sokoni akamnunulia mgonjwa machungwa. Akayachagua moja moja, akapatana na bei. Akashuka pale barabarani na mfuko wake, akaona watu wamejaa uwanjani.

Hakunigombeza. Ila tangu siku hiyo hajala kwangu. Mwaka jana kwenye ubatizo tulikaa benchi moja, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Wewe uliniacha nichague machungwa."

Ukoo unasema kazi hii naiweza. Sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu napenda kusifiwa. Ushauri niliokupa mwanzo ulikuwa wa kunilinda mimi nisione uso wa mtu, na nimekufundisha hivyo wewe.

Huyo mzee wako anachagua machungwa sasa hivi. Nenda mwenyewe, kabla jiwe halijachongwa. Sema neno lenyewe kwanza. Usingoje akae.

Shangazi yako


Alexandria
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda. Nilikwenda jana, tarehe 5, na unaweza kuhesabu mwenyewe. Jumanne nilisema nitakwenda kesho. Jumatano nikasema mvua. Alhamisi mchongaji akaanza, na Ijumaa akamaliza.

Mzee alinifungulia mlango akafurahi. Kabla sijasema neno alinipeleka gereji nikalione jiwe. Ni la kijivu, si kubwa. Herufi zilikuwa bado na vumbi jeupe ndani yake. Aliweka mkono juu yake kama mtu anayemshika mtoto kichwa.

Nikasema: "Mzee, ombi lilikataliwa. Josiah alitoroka kambini. Keziah hakulipwa chochote."

Mkono hakuuondoa.

"Ulijua siku ile ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na hilo faili linalotengenezwa?"

"Lilikuwa kwenye droo yangu."

"Na ndugu zangu? Uliniambia niwaite wa nini?"

Nikamweleza desturi yetu. Nikamweleza kwamba kwetu, mtu akiambiwa aje na ndugu zake, anaelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama dereva anayeelekezwa njia asiyokusudia kuipita.

"Kwa hiyo kwenu ningekuwa nimeshaelewa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi kwenu ni mbali."

Nilianza kuomba radhi. Alitikisa kichwa. "Wanakuja Jumamosi," alisema. "Umewaita wewe. Utawaambia wewe." Kisha akanifungulia mlango wa gereji, akangoja nitoke, akaufunga polepole.

Kadi nimeichana na faili nimelirudisha kwenye rafu. Nimeandika maneno ya kuwaambia, nimeyaandika mara nyingi. Mumbi hacheki tena. Ananipikia uji na kuniita "dada", jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mwanao,
Domina


Alexandria
12 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza habari za huko leo, nisamehe. Nataka niandike hili kabla sijaanza kulipamba.

Nilifika mapema nikapanga viti kumi mbele ya kaunta yangu. Nilikuwa nimeamua: nitasimama, nitasema neno lenyewe kwanza, kama ulivyoniambia.

Mlango ulipofunguliwa alikuja mzee peke yake. Hakuna Irene, hakuna mtu wa Ohio. Nadhani aliwapigia simu wasije. Sijui aliwaambia nini, na sina haki ya kumuuliza.

Kaunta yangu haikuwa na mtu. Kwa Fredy kulikuwa na foleni. Fredy ni kijana wa wazazi wa Moshi, amezaliwa Sterling, hukuhuku Virginia. Kiswahili anakisikia lakini hukijibu kwa Kiingereza. Mzee alivipita viti vyangu, akaenda kusimama nyuma ya foleni ya Fredy. Alingoja kwa muda mrefu. Zamu yake ilipofika aliomba faili la Josiah Purvis, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analiomba.

Fredy alilifungua, akapitisha macho. Wala hakuinua kichwa. "Lilikataliwa, bwana. Alitoroka. Maelezo ya mjane yapo ukurasa wa mwisho."

"Ahsante," mzee alisema, akampa mkono.

Akakaa kwenye meza ya mbali, akasoma ukurasa wa mwisho kwa kidole, mstari kwa mstari. Mimi ukurasa ule naujua kwa moyo. Keziah anasema: "Simdai mtu ushujaa wa mume wangu. Nasema koti nililishona mimi, kwa sufu ya kondoo wangu, na lilirudi halifai kuvaliwa." Mzee aliusoma mara ya pili, akavaa kofia akiwa bado ndani, akatoka. Aliponipita alinitikisia kichwa kidogo, kama anavyomtikisia mlinzi wa mlangoni.

Hajanishtaki kwa mtu yeyote. Jioni msimamizi alivikuta vile viti. Akaniuliza ni vya nani, nikasema ni vya familia ya mteja ambayo haikufika. Akasema karani anayewafikiria watu namna ile ni adimu, na kwamba mwezi ujao ataomba niajiriwe moja kwa moja.

Nikasema ahsante, nikaanza kuvikunja.

Mwanao,
Domina