Mbegu Ziufuate Moto

Shamba la mkonge, karibu na Korogwe

Dada yangu Paulina,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Nakuwazia huko Mgeta, ukungu ukishuka taratibu kama mgeni asiye na haraka. Mimi ni mzima, ila magoti hulalamika ninapoinama kuwafunga wakata mkonge vidonda hapa zahanati.

Unasema mjukuu wako anakohoa tangu kipupwe kianze. Umeziba nyufa kwa udongo, umeongeza kuni, na bado kifua kinalia. Macho yako nayo yanachuruzika. Roza mwanao, aliyemzaa, anataka kutoboa ukuta, wewe umekataa mpaka mimi mjomba wake niseme, maana mbegu za ukoo zinaning'inia juu ya moto ule ili moshi uzilinde. Ukaandikisha, "Moshi umetulea sisi sote, utamdhuru vipi huyu?"

Jana mchana nilisinzia kibarazani, nikajiona mlangoni kwa marehemu mama. Moshi ulikuwa umetanda, laini, na juu yake mahindi yaking'aa kwa masizi. Mama akasema, "Karibu, Fransisi," kabla sijatamka neno. Unakumbuka alivyotutambua kwa mshindo wa nyayo? Tulimsifu kwa masikio yake. Nilipozinduka niliwaza macho yake, yaliyofifia kwa moshi ule.

Nilimsimulia Mama Saidi, mtani wangu Mzigua, ambaye hupikia kwenye kibanda kisicho na kuta. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ninyi Waluguru mnajikausha kama nyama ya porini," alisema. "Mahindi hayana kifua, bwana. Mtoto anacho."

Ni utani, dada, lakini ndivyo ilivyo. Moshi ni chembe ndogo kuliko vumbi, nazo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, huukimbia. Mtoto mchanga hana pa kukimbilia. Unamwongezea moto kwa sababu anakohoa, naye anakohoa kwa sababu umemwongezea moto.

Basi mimi mjomba nasema, Roza atoboe. Tundu liwe juu, karibu na paa, upande usiopigwa na upepo, na jingine dogo ukuta wa pili ili hewa ipite. Kisha shemeji ajenge kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Moto uhamie huko, na mbegu ziufuate. Mtoto abaki ndani. Baridi ikizidi, pasheni jiwe moto, mlifunge kwenye kanga, likae miguuni pa Roza. Msiingize makaa ndani na kufunga mlango. Hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hewa yake huua. Na leo hii mpelekeni mtoto kwa masista wa misheni wamsikilize kifua. Msisubiri kibanda kiishe.

Nilipoondoka huko nilibeba blanketi lenye harufu ya nyumba ile. Kila nilipolikunjua, nilikuwa nyumbani. Sasa harufu imekwisha, linanukia jua tu, na nimeanza kulipenda hivyo.

Msalimie shemeji, mwambie nguzo za kibanda azichome ncha ili mchwa wasizile. Msalimie Roza, na katekista anayekusomea barua hii. Mtoto mpakate kwa niaba yangu.

Nitakapopanda njia ya Mgeta, nitatafuta lile tundu ukutani kabla ya mlango. Nami nitasimama kimya uani, bila kupiga hatua, nione kama utanijua kwa uso.

Kaka yako akupendaye,
Fransisi