Nusu ya Pili ya Kopo la Saado

Duka la Lazarus,
S.L.P. 14,
Garissa.
9 Februari 1967.

Mpendwa mwanangu Katunge,

Pokea salamu kutoka kwenye jua hili lisilo na adabu. U hali gani? Mgongo wa mama yako umepoa? Mvua imenyesha huko Kitui, au mbingu zimefunga duka kama huku? Mimi ni mzima, ingawa siku hizi mzima wa huku ni yeyote aliyeamka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu askari wanafungua barua, na Kikamba wanakiona kama siri ya vita.

Juma lililopita lori la Gitau lilishambuliwa na shifta, wale wapiganaji wa msituni, njia ya Dadaab, nami nimekaa juu ya magunia ya sukari. Risasi ilipita kati ya kofia na kichwa changu, ikaninyoa nywele za katikati bila kugusa ngozi. Gitau akarudi kinyumenyume mpaka Garissa, maana kugeuza ni kupoteza wakati. Anayebisha aje aone kipara.

Risasi ilinikosa, lakini barua ya baba yako haikunikosa. Eti nimekutumia "sumu ya shifta", uso wako umevimba na kuchubuka, na unga niliokutumia wa kunawia uso ameumwaga chooni. Kioko huyo huyo, ndugu yangu niliyembeba mgongoni kwenye mafuriko ingawa yeye ndiye mkubwa!

Sasa nisikilize mimi, mtu wa darasa la tatu. Si wewe uliyeniandikia ukilia kwamba uso wako unatoa mafuta kama chapati, chunusi zimejaa, na wakwe wanakuja Pasaka kukuona? Si wewe uliyesema wasichana wa Kisomali wana nyuso laini, nikuulizie siri yao? Niliuliza. Siri ni qasil: majani ya mkunazi yaliyokaushwa, yakatwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa. Unachanganya na maji tu. Niliandika hivyo: maji tu!

Nanyi mkafanya nini? Gitau alipolala kwenu aliona yote. Ulikuwa unanawa qasil vizuri, kisha mama yako, shemeji Zilpah, anakupaka mafuta mazito ya mgando mpaka shingoni, eti msichana asiyeng'aa huonekana yatima. Ngozi ina kisima chake cha mafuta, nanyi mnaiongezea debe! Chunusi zilipozidi ukatia ndimu na sabuni ya kufulia ndani ya qasil, ukalala nayo usoni. Hata ngozi ya kiatu changu ingelia. Halafu mwenye kosa awe shifta.

Shifta gani? Unga ule ulitoka kwa Saado, mjane anayekaa ndani ya seng'enge mkabala na duka langu. Ngamia wake walipigwa risasi, na yeye na wenzake wamekusanywa humo kama mbuzi wa mnada, eti wasiwalishe shifta. Wakitoka ni kuteka maji tu, askari nyuma yao. Mikunazi ya mtoni imekatwa yote, eti adui hujificha humo. Alikuwa amebakiwa na kopo moja la qasil, la arusi ya binti yake Sadiyo, maana kwao bibi arusi hutayarishwa uso kwa qasil, si kwa kitu kingine. Nilipomweleza shida yako alimimina nusu kwenye karatasi ya sukari. Alisema bibi arusi ni bibi arusi.

Na kila asubuhi huniuliza kupitia waya, akiniita ndugu kwa Kisomali, "Walaal, uso ya msichana yetu nabona?"

Wewe ungemjibu nini? Kwamba ndugu yangu amemwaga chooni? Nilimwambia umepona, uso unang'aa kama kioo cha lori, wanaume wanajikwaa njiani, mchungaji amerukia Zaburi nyingine kwa kukutazama. Unanijua, nikianza sisimami.

Saado akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ngamia wale waanguke. "Lasaro, wewe mwongo sana," akasema, "lakini hii moja naamini."

Jioni akanipitishia chini ya waya kopo lenyewe, na nusu iliyobaki. Alisema kwa kuwa imekufaa hivyo, umalizie, usiharibikiwe mbele ya wakwe. Nikamwuliza, na Sadiyo je? "Sadiyo atanawa maji." Nikataka kumrudishia. Akasema nikirudisha nimemtukana.

Ona ulivyonifanya, Katunge. Nimedanganya watu maisha yangu yote na nikalala usingizi mnono. Uongo huu umenikwama kooni kama mfupa.

Gitau atakupa kopo hilo mkononi, si kupitia kwa baba yako. Usiliguse mpaka vidonda vifunge. Kwa sasa nawa maji matupu. Kisha kijiko kimoja cha chai cha qasil, maji ya vuguvugu, kiwe kama uji mzito. Paka, kikianza kuvuta suuza, kisikaukie usoni. Jioni mara moja, basi. Usisugue, usitumbue chunusi. Ngozi ikikaza, tone la mafuta ya simsim. Tone, nasema! Yale ya mama yako yapake kwenye bawaba za mlango.

Na baba yako akisema tena neno lile la shifta, mwambie kuna msichana huku ataolewa kwa maji ili wewe upendeze.

Nisalimie bibi yako, na mdogo wako Mutua aache kuchezea kombeo. Zilpah msalimie pia, sina vita naye, nina vita na mkebe wake. Salamu za Kioko zikae kwanza, sijapoa. Mungu akufunike, akupe mume mwenye macho mazuri na ulimi mfupi.

Pasaka ikifika, kapige picha mjini, unitumie upesi. Nitaibandika kwenye ule waya, Saado aione. Mpaka hapo nitaendelea kumdanganya kila asubuhi. Wewe nawa, mwanangu, huo uongo uwe kweli.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Baba yako mdogo,
Lazarus