Kelele ya Mwisho ya Kobe

3 Machi

Kwa shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na kazi ya mabasi inakwenda. Sisi tupo. Mama anakula, analala, presha yake haijapanda. Mimi pia nakula.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeichoka. Kila anayepiga ananiuliza "unaendeleaje?" kwa sauti ile ya wodini, halafu ananyamaza asikilize ninavyopumua. Kwenye karatasi hakuna anayenisikiliza.

Nina shida ya gari. Kobe, gari la kaka yako, ana kelele kwenye dashibodi. Inaanza nikiingia barabara mbovu, tik-tik-tik, inapumzika kidogo, kisha inarudi na mwenzake anayekwaruza. Nadhani ilikuwapo siku zote. Kaka yako alikuwa akiongea tangu tunatoka getini mpaka tunafika, na alipoishiwa maneno aliimba. Kumbe miaka yote tulipanda debe, na mimi nimejua sasa, mwezi wa pili tangu tumzike.

Kila Alhamisi nampeleka mama kliniki ya macho. Anakaa kiti cha nyuma kama zamani, mimi naendesha, na kiti cha kando yangu hakina mtu. Hatuongei. Si kwamba tumegombana. Hatuna la kusema, na kelele inachukua nafasi yote iliyobaki. Nililipeleka gari kwa fundi wa mtaani, akaliendesha mpaka kona na kurudi, akaniambia, "Mama, gari zee ni kama mtu mzee, liache ligune." Mimi sitaki ligune. Nataka ninyamaziwe.

Kuhusu mpango wako wa kumchukua mama chumba kikiwa tayari, sina pingamizi. Ni mama yako. Mimi nilimpata kupitia kwa kaka yako, na kaka yako hayupo. Nilimwambia, akasema "haya" na kuendelea kukunja nguo.

Nisaidie kuhusu gari.

Shemeji yako,
mke wa kaka yako


16 Machi

Kwa shemeji yangu uliyeniharibia kaka kwa kumfundisha kupiga pasi,

Shikamoo ya mama mpelekee, na wewe pokea salamu zangu zote. Mimi mzima isipokuwa mgongo, na huo ni mali ya kazi. Wiki nzima nimo ndani ya basi moja, nimevua viti na dari, napanga upya. Wenzangu wanasema nimekuwa fundi mzuri zaidi siku hizi kwa sababu siongei. Nafungua skrubu, nafunga skrubu, jioni nalala. Sijui kama huku ndiko kuomboleza. Sisikii kitu.

Fundi wako ni mvivu. Lisemwalo lipo, na linalolia lipo pia. Ila ujue dashibodi ni mwongo mkubwa. Ni plastiki moja ndefu, inauchukua mlio wa kushoto na kuutolea kulia, kwa hiyo usiliamini sikio. Kwanza toa kila kitu: vilivyomo kwenye droo ya mbele, mifuko ya milango, sarafu, kalamu, vyote. Kisha chagua barabara moja mbovu na uipite hiyo hiyo kila mara, kwa mwendo ule ule. Mmoja aendeshe, mwingine akae mbele abonyeze dashibodi kwa kiganja, kipande kwa kipande. Kelele ikinyamaza chini ya mkono, hapo ndipo inapozaliwa. Usijaribu peke yako. Hii ni kazi ya watu wawili.

Chumba cha mama kimebaki rangi tu. Nimemwekea dirisha kubwa kwa ajili ya macho yake. Nitakuja kumchukua mwishoni mwa Juni. Huku naishi na birika, shemeji. Kusema kweli mimi namhitaji yeye kuliko yeye anavyonihitaji.

Shemeji yako,
fundi


9 Aprili

Kwa shemeji,

Hujambo na mgongo wako? Mama hajambo, amepewa dawa mpya ya matone na anailalamikia, kwa hiyo ni mzima. Mimi nipo.

Nilitoa kila kitu. Kwenye droo ya mbele mlikuwa na miwani ya kaka yako, bisibisi, kibanio cha nguo, na peremende zilizoyeyuka zikashikana na kitambulisho chake cha kazini. Niliviweka kwenye mfuko, nikaufunga, nikaenda kupika. Nilingoja nione kama nitalia. Maji yakachemka, nikatia unga.

Kelele haikupungua hata chembe.

Ulisema nisijaribu peke yangu, nikajaribu. Alhamisi iliyopita, kwenye ile barabara ya kiwanda cha matofali, nilishika usukani kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine, macho yangu yakaenda kwenye mkono. Mwendesha baiskeli aliruka mtaroni na baiskeli yake. Hakuumia, ila alinitukana tusi ambalo sijalisikia tangu shule. Na mama, ambaye hajanena neno ndani ya gari hilo tangu mazishi, akasema kutoka nyuma, "Aliyekufa anatosha."

Nikamwomba aje akae mbele anisaidie. Akasema, "Hicho kiti chako." Nikamwambia mimi ndiye ninayeendesha sasa. Akabaki nyuma. Sikumlazimisha.

Shemeji yako


20 Aprili

Kwa shemeji mkaidi,

Salamu kwako na kwa mama. Na kwa mwendesha baiskeli pia, ukimwona.

Umekosea kumwomba mama asaidie kusikiliza. Huyo sikio lake la kushoto liliaga zamani, sisi tukiwa wadogo, na hilo la pili linasikia anachokitaka. Lakini kiganja chake! Alikuwa akipita kitandani gizani, anatugusa mgongoni, anasema huyu ana homa na yule anajifanya. Mimi ndiye niliyekuwa najifanya. Hakukosea hata mara moja. Usimwambie asikilize, mwambie ashike.

Je, ananiulizia? Nikipiga simu anasema "tupo, tupo" na kumpa mtu mwingine simu.

Shemeji yako,
fundi


15 Mei

Kwa shemeji yangu,

Nisamehe kwa kukawia. Natumaini mgongo unakuacha ulale. Sisi wazima, na leo nina habari.

Nilimwambia mama, "Gari la mwanao linalia." Akageuka akaniuliza, "Wapi?" Shemeji, alikuwa hajui. Miezi yote mimi nadhani tunaivumilia pamoja, kumbe yeye amekaa nyuma kwenye ukimya wake mwenyewe, na mimi mbele kwenye kelele yangu. Nilimweleza kwa sauti kubwa, upande wa sikio zima. Alhamisi ile alipita mlango wa nyuma, akafungua wa mbele, akaketi, akavua saa ya mkononi na kuitia kwenye pochi. Akaweka kiganja kwenye dashibodi, akafumba macho.

Tulipoingia barabara ya matofali mkono ukaanza kutembea, polepole, kama anayetafuta ufunguo gizani. Ukafika juu ya droo. "Hapa," akasema. Akabonyeza, kimya. Akaachia, tik-tik-tik. Mimi nilicheka, sauti ikanitoka mbaya, mama akadhani nimepaliwa.

Jumamosi tukaifungua kwa bisibisi ya kaka yako. Ndani mlijaa matibabu yake. Maboksi ya dawa ya meno yaliyokunjwa, sponji ya kuoshea vyombo, soksi, kipande cha ndala, gundi juu ya gundi. Sponji imekauka mpaka inasagika vidoleni, na boksi ndilo lililokuwa linagonga. Kila kelele aliyowahi kuisikia aliitilia kitu mdomoni, na kitu chenyewe kikawa kelele mpya. Halafu ndipo akaimba.

Mama aliichukua ile soksi, akaitazama, akasema, "Nilimtafutia hii wiki nzima." Akaenda kuifua. Imeanikwa peke yake kwenye kamba.

Tumetoa kila kitu. Sasa Kobe ana kelele kama saba hivi. Tufanyeje?

Shemeji yako


24 Mei

Kwa shemeji na kwa fundi mkuu aliyeketi kando yako,

Salamu na pongezi. Barua yako niliisoma mbele ya wenzangu kazini, na nilipofika kwenye kipande cha ndala mmoja aliweka nyundo chini acheke vizuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaka yangu aliziba mpaka akajenga ukuta.

Kelele saba si jambo baya. Ndizo za kweli, zile nyingine zilikuwa zake. Msizibe. Kila mahali mama atakaposema "hapa", angalieni: ama kibanio cha plastiki kimevunjika, mkitafutie kingine kwenye magari mabovu yaliyolala, ama plastiki mbili zinasuguana, bandikeni kitambaa chembamba katikati. Skrubu kazeni kwa vidole vya mkono, si kwa hasira. Plastiki ya umri ule ikipasuka haina dawa. Kelele moja kwa safari moja, basi.

Rangi imekauka. Nitafika Jumamosi tarehe 28 Juni, Jumapili tutaondoka naye. Mwambie aanze kufunga vyake taratibu.

Shemeji yako,
fundi


8 Juni

Kwa shemeji yangu,

Salamu. U mzima? Mama mzima, na hii ni barua ngumu kwangu, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Tumefanya kama ulivyosema. Alhamisi hazikutosha, tukaongeza Jumapili. Hatuna tuendako. Tunakwenda mpaka mwisho wa barabara ya matofali, tunageuza, tunarudi. Wafyatua matofali wametuita Wakaguzi wa Barabara na wanatuuliza lami inaletwa lini. Mama anawajibu, "Tunasubiri saini." Sikujua kama ana utani. Miaka yote mwenye utani ndani ya gari alikuwa mmoja.

Na anaongea, shemeji. Kiganja kikiwa kwenye dashibodi na macho yamefumba, anaongea. Amenisimulia jinsi wewe na kaka yako mlivyoifungua redio ya jirani na kuirudisha ikiwa na skrubu tatu za ziada. Amenisimulia kaka yako alivyozaliwa, na alivyokuwa hospitalini siku ile ya mwisho nilipotoka kutafuta maji ya kunywa, kwamba aliniulizia. Nilikuwa sijui. Nilisimamisha gari kando kidogo, halafu tukaendelea.

Kelele zimekwisha moja moja. Imebaki ya mwisho, nyembamba, inakwaruza tu. Leo Jumapili mkono wa mama ulipita karibu na saa ya dashibodi, na kelele ikakatika. Ikakatika kabisa. Mkono ukakaa pale pale. Nilisubiri aseme. Akasema, "Si hapa," akausogeza, na kelele ikarudi. Tulipogeuza akapapitia tena, ikakatika tena, akatikisa kichwa: "Si hapa pia. Labda Alhamisi."

Kiganja chake hakijawahi kukosea, wewe ndiye uliyeniambia. Mimi nilimtazama, yeye akatazama barabara. Ningeweza kusimama na kufungua pale kwenye saa, ni skrubu mbili. Nilimwambia, "Labda Alhamisi, mama."

Vyake hajavifunga. Sijamhimiza.

Kumwomba mtu mama yake ni aibu, na wewe umempakia rangi chumba na kumkatia dirisha. Najua pia una nini huko, una birika. Lakini nataka abaki. Nimeandika, nimerudia kusoma, na ni kweli. Tangu Januari hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokitaka. Ukisema hapana nitamfungia mizigo yake vizuri na sitakuchukia.

Shemeji yako


19 Juni

Kwa shemeji yangu,

Nakusalimu, na natumaini barua hii imewakuta salama nyote wawili.

Sehemu hii msomee mama kwa sauti, upande wa sikio zima. Mimi fundi, niliyefungua dashibodi za mabasi mpaka vidole vimeota sugu, nasema hivi: kelele ya mwisho ya gari la umri wa Kobe haipatikani upesi. Hujificha, huhama, hudanganya. Inataka watu wawili wenye subira na barabara mbovu, na yaweza kuchukua mwaka, hata miwili. Anayeikimbilia huharibu gari. Msaidizi aliyekwisha kuzoea dashibodi moja hahamishwi katikati ya kazi. Hiyo ndiyo kanuni ya ufundi, mama, si mimi niliyeitunga.

Kuanzia hapa usimsomee.

Niliisoma barua yako nimekaa, kama ulivyosema. Nikaisoma tena kwenye kile chumba, chini ya dirisha lile. Uliandika kwamba kaka alikuulizia. Hapo ndipo chozi liliponitoka, shemeji. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta, nikamwambia niache, ndiyo kwanza naanza. Nilimlilia kaka, nikajililia na mimi. Nilikuwa namtaka mama sana. Bado namtaka. Nimekasirika kidogo pia, sitakudanganya, maana huku hakuna anayenidanganya ili niendelee kukaa naye.

Lakini najua anavyogusa mtu. Kama kiganja chake kimesema si hapa, mimi ni nani?

Asijue kwamba najua. Tarehe 28 nitakuja vile vile, nikae siku chache, mnipeleke barabara ya matofali na mimi niwaone hao wafyatua matofali wanaosubiri saini. Sitakuja na bisibisi.

Shemeji yako,
mwana wa mama