Sauti Uliyowapa Wanawake wa Filamu za Kihindi

Mpendwa yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Leo tunamaliza matanga yako hapa Butembo, na ukoo umeniomba niseme kwa niaba yao. Nimeshindwa kusema nao kabla ya kusema nawe.

Unakumbuka zile Jumapili baada ya misa, katika chumba cha video karibu na soko? Hukujua hata neno moja la Kihindi, lakini wewe ndiwe uliyetutafsiria. Binti alipocheza mvuani, ulimfanya alalamikie baridi. Mke alipoinama kugusa miguu ya mume aliyemfukuza, muziki ukilia, ulipaza sauti: "Mimi natoka! Chai utajipikia weye mwenyewe!"

Wamama walicheka hadi vitambaa vikawaanguka vichwani. "Masika, muongo! Ule mama hapana sema vile!"

"Muangalie macho yake. Macho ndiyo inasema."

Nami, msomi wa nyumba, nilicheka kuliko wote.

Kisha ukaja kutoka kwa mumeo huko Kayna, shavu limevimba, mfuko mmoja mkononi. "Mudogo wangu, mimi natoka." Ukoo ukakaa, ukaamua kwamba mimi, ndugu yako wa kiume, nikurudishe pamoja na kuku wa upatanisho. Ningeweza kukataa. Badala yake nilikuambia: "Yaya, vumilia. Hata mu filme bibi analiaka, na mwisho bwana anajuta."

Ukanijibu: "Mu filme, mudogo, ule bibi akikufa, kesho anaamuka, anacheza mu ingine."

Nilimpakata yule kuku garini hadi Kayna. Ulikaa kando yangu, mfuko wako mapajani. Kabla ya mwezi kwisha mumeo alikupiga, na hukuinuka.

Jumapili iliyopita nilirudi katika chumba cha video. Mke mwingine akainama, muziki ukalia. Wamama wakageukia benchi lako. Nilisimama mimi, nikajaribu kumsemea maneno yako, sauti ikanikatika kwenye "natoka". Hakuna aliyecheka. Mke yule akabaki ameinama.

Kwa hiyo nayasema leo, yaya, mbele ya wale wale walioamua: binti yetu yeyote akifika na mfuko wake, atanikuta mlangoni, na mikono yangu haitashika kuku.

Pumzika.

Mimi mdogo wako, uliyemkimbilia akakurudisha.