Tambarare ya Bibi

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na kama unaumwa usinifiche. Unakula? Au bado unasinzia juu ya meza ya ofisi kama karani aliyeachwa na mkewe? Huku sisi wazima, goti langu tu ndilo linalojua mvua kabla ya redio. Anayeshika kalamu ni jirani yetu fundi cherehani. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinishonee maneno yake.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Unasema kule Mirihi, sayari yenu nyekundu mnakotaka kushusha kigari, zimebaki sehemu mbili za kuchagua, na moja ni ile niliyoinyooshea kidole mimi. Eti wenzako wanaiita Tambarare ya Bibi, na wewe ndiye utakayeitetea kikaoni. Fundi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mimi sikucheka.

Siku ile ya likizo yako naikumbuka kama leo. Ulisogeza vikombe, ukatandaza picha mezani, ukanivika miwani ya karatasi, kioo kimoja chekundu, kingine cha buluu. Ukanieleza kwamba chombo kinachozunguka huko juu kilipiga picha mahali pale pale mara mbili, kutoka pande mbili. Kila jicho linapewa picha yake, kichwa kinaziunganisha, basi vilima vinainuka na mashimo yanazama. Ukaniuliza kama nayaona mashimo. Nikasema nayaona, tena usiniharakishe. Ukauliza, ningekuwa mimi ningekishusha wapi. Nikaweka kidole: hapa, pamelala kama sinia. Ukapawekea alama, ukanibusu kwenye paji la uso.

Mume wangu, nilikudanganya. Jicho langu la kushoto lilikufa mwaka ule ulipopata nafasi ya kwenda kusoma. Ningesema, usingepanda ndege. Nakujua, ungebaki hapa kunishika mkono hadi chooni. Nikanyamaza. Chai naimwaga nje ya kikombe, nasingizia mkono unatetemeka. Kwa jicho moja, mwanangu, kila kitu kimelala kama sinia, hata sura yako ulipokaa mbele yangu. Pengine hapo nilipokuchagulia pana korongo la kumeza nyumba nzima! Najua mashine zenu zimepima. Pimeni tena, na kikaoni useme Bibi hakuona kitu. Heri nichekwe mimi kuliko kigari cha watu kivunjike shingo.

Na hili jicho la kulia nalo limeanza kuingia ukungu. Fundi hakutaka kuliandika, anasema nitakutia hofu. Nimemwambia andika, miaka sita nimemlisha mtoto uongo, ameshiba.

Msalimie mkuu wako wa kazi, mwambie mume wangu nimemwazima tu, sikumpa. Wasalimie na hao walioniheshimu bure. Ukija, usiniletee picha. Simama mlangoni nikushike pua, mashavu na mabega, nijue mwenyewe palipoinuka na palipozama.

Ni mimi bibi yako,
wa jicho moja na mikono miwili.