Mchumba Ameondoka Katikati ya Filamu Isiyo na Kisa

Shangazi Selina, shikamoo. Nimekwama, naomba unisaidie kabla ya Jumapili. Mimi ni Remigius, natafsiri filamu za nje kwenye kibanda cha video hapa Karatu, yaani picha inapita na mimi nimeshika maiki nawaeleza watu kwa Kiswahili, na penye ukimya naweka utani wangu, maana Mungu kanijalia mdomo na watu wanakuja kwa ajili ya huo mdomo. Sasa mchumba wangu Leonida, anayefanya kazi hoteli ya watalii, alipewa na mgeni mmoja filamu kwenye flashi, akaniambia Remi, hii naomba uionyeshe, nami nikakubali bila kuitazama kwanza, kumbe Shangazi haina mbele wala nyuma, mzee mgonjwa yuko kitandani na binti yake anamlisha uji, anafungua dirisha, anafunga dirisha, anakunja shuka, basi, hakuna ngumi, hakuna mapenzi, hata muziki hakuna, watu wakaanza kupiga miluzi na kudai kiingilio chao, nikaona niokoe jahazi, nikasema mzee kaficha dhahabu chini ya godoro, binti anafungua dirisha ili hawara aingie, na uji una sumu, watu wakacheka mpaka benchi likaanguka. Leonida akasimama akatoka. Nikamfuata mlangoni, akaniambia, "Umemcheka baba."

Shangazi, baba yake alifariki mwaka jana kule Ganako, na kweli alimuuguza yeye mwenyewe mpaka mwisho, lakini alikuwa Muiraqw na mzee wa kwenye filamu ni Mzungu mwenye ndevu, sasa nimemchekaje? Tangu siku hiyo hapokei simu, na tangazo letu la kwanza la ndoa lilishasomwa kanisani, la pili, la Jumapili hii, kamwambia katekista asilisome. Rafiki zangu wanasema filamu hizo ni maringo ya kuiga wageni. Niambie ukweli, zina maana au ni kujidai tu? Nampenda, sitaki kumkosa kwa sababu ya filamu.

Remigius, Karatu

Marahaba, Remigius. Pole, ila pole yangu haitakuwa ndefu.

Unaniuliza habari za filamu kana kwamba ndiyo iliyozuia tangazo. Haya, nikujibu. Za kujidai zipo, tena nyingi. Niliwahi kukaa mbele ya moja, ukuta unaonyeshwa mpaka nikajua nyufa zake, nikalala, na jirani yangu aliyekoroma kunizidi ndiye aliyeisifu kuliko wote tulipotoka, kwa kuogopa kuitwa mshamba. Kuchoshwa na filamu si dhambi.

Lakini hiyo ya Leonida haimo kwenye kundi hilo, na ungejua kama ungeitazama kabla ya kushika maiki. Wewe umewahi kuuguza? Kuuguza hakuna kisa, mwanangu. Ni uji, dirisha, shuka, kesho tena uji, na hakuna anayekuja kukupigia makofi. Binti wa watu amefanya kazi hiyo mpaka akazika, halafu akaikuta imeonyeshwa taratibu, bila haraka, kama kitu chenye thamani. Alichoshindwa kukusimulia kwa mdomo alikuletea kwenye flashi. Wewe ukautia uji wake sumu. Aibu! Na hao rafiki zako waambie wanyamaze, hawaoi wao.

Sasa sikiliza. Usitume mshenga wala meseji za maua. Nenda Ganako mwenyewe, msalimie mama yake, kisha mwombe Leonida msamaha usio na "lakini" ndani yake. Habari ya Mzungu mwenye ndevu iache hapa hapa kwangu. Omba muitazame tena, nyinyi wawili, bila maiki, mpaka mwisho. Usingizi ukikubana mwambie umekubana, usijilize machozi ya uongo, atakujua. Tangazo usilitaje, ni lake kulirudisha.

Ikiisha usimuulize filamu ina maana gani. Muulize siku za mwisho za baba yake zilikuwaje. Ataanza, kisha atanyamaza, pengine kwa muda mrefu. Hapo ndipo mdomo utakapokuwasha. Ufunge.